Nyama za Pua

Mama anamwambia daktari: mtoto ameota nyama puani, analala mdomo wazi, anakoroma kama mzee. Daktari anaandika "adenoidi". Anaingia mwanamume wa miaka arobaini, naye ana nyama za pua. Safari hii daktari anaandika "polipi". Wa tatu analalamika vilevile, kumbe ni vile vinyama vya kuta za pua ambavyo sote huzaliwa navyo, vimevimba kwa mzio. Jina moja, mambo matatu, na upasuaji wa kila moja una athari yake kwa usingizi.

Adenoidi ni Kigiriki, maana yake "mithili ya tezi". Daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen ndiye aliyeieleza vizuri mwaka 1868. Kwa hakika haimo puani. Imekaa nyuma ya pua, juu ya kaakaa laini, na kila mtoto anayo. Kwa hiyo hata kitenzi "kuota" kinapotosha: haikuota, imekua tu kupita nafasi yake, na kwa kawaida husinyaa mtoto anapobalehe. Polipi nayo asili yake ni jina la Kigiriki la pweza. Mtu wa pwani atatafuta mnyiri asiuone. Uvimbe wenyewe unafanana zaidi na zabibu iliyomenywa.

Istilahi inayofuatana na hizi ni apnea, yaani kukosa pumzi. Mimi husema "kukatika pumzi usingizini", na hapa Kiswahili kina faida, kwani pumua, pumzi na pumzika ni ukoo mmoja. Mtoto mwenye adenoidi kubwa hupumua kwa mdomo. Akilala, misuli ya koo hulegea, na njia ambayo tayari imebanwa na adenoidi pamoja na mafindofindo hufunga kabisa. Pumzi hukatika, ubongo humshtua kidogo, anavuta hewa kwa kishindo, analala tena. Usiku mzima ni hivyo. Asubuhi kitanda kimelowa, darasani anasinzia au hatulii, na nyumbani wanasema amelala fofofo maana alikoroma.

Kwake upasuaji husaidia sana. Hupigwa nusukaputi, adenoidi na mafindofindo yakatolewa kupitia mdomoni, bila kovu usoni. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, kwa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9, ulionyesha kwamba baada ya miezi saba vipimo vya usingizi vilirudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa. Lakini hata kati ya waliosubiri tu, asilimia 46 walipata nafuu hiyo, kwa hiyo si kila mkoromaji wa kukimbiziwa kisu.

Wala si kila kisu. Tanzania bado kuna wanaompeleka mtoto anayekohoa kwa mganga akatwe kimio. Kimio ni kile kinyama kinachoning'inia mwisho wa kaakaa, hakihusiki na adenoidi, na ukataji huo umeleta damu nyingi na maambukizi. Jina linapokuwa "nyama" tu, ni rahisi kukata nyama isiyohusika.

Yule mwanamume wa polipi huanza na dawa ya kupulizia puani, na kisu hufuata ikishindikana. Akipasuliwa atasema analala vizuri, na ni kweli: pua iliyo wazi hupunguza kuamkaamka na kinywa kukauka. Ila kama pumzi yake hukatika, vipimo vya usiku mara nyingi havibadiliki sana, kwa sababu kwa mtu mzima kinachofunga ni koo, nyuma ya ulimi. Faida anayoipata ni nyingine: mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa ili pumzi isikatike, iliyokuwa ikimkera, sasa anaivumilia.

Basi mama aendelee kusema nyama za pua. Kwenye barua ya rufaa ningependa kusoma "tezi ya nyuma ya pua", "polipi" au "uvimbe wa kuta za pua", kila moja peke yake.