Kibanio cha Tai

Msomaji, ukipata nafasi siku moja ya kazi, simama saa saba mchana katikati ya jiji la Nairobi, mahali Barabara ya Bunge inapokutana na Barabara ya Harambee, ukatazame vifua vya watu. Usitazame nyuso, maana kukodolea watu macho ni utovu wa adabu. Utaona makarani, mawakili, wahasibu na watumishi wa Serikali wakitoka ofisini kutafuta chakula. Upepo ukivuma, tai zao zitainuka. Moja itamfunika mwenyewe uso. Nyingine itarukia bega. Ya tatu itadakwa kwa mkono ulioshika pia simu na bahasha. Kisha atapita mzee mmoja ambaye tai yake haitikisiki. Ukiangalia vema utaona, baina ya kifungo cha tatu na cha nne cha shati lake, ukanda mwembamba wa madini unaometa. Hicho ndicho kibanio cha tai, na habari zake ndizo ninazotaka kukusimulia.

Yamkini utauliza kama kitu kidogo namna hii kina historia. Kinayo, lakini haielezeki peke yake, kama vile habari za kamba zisivyoelezeka bila kumtaja ng'ombe aliyefungwa.

Kwanza ukijue chenyewe. Kibanio kina vipande viwili virefu vya madini, cha mbele na cha nyuma, vilivyounganishwa kwa springi ndogo. Ukibonyeza mkia wake, kinywa hufunguka. Ukiachia, springi hukifunga. Hakina tofauti kubwa na kile kibanio cha kushikia nguo kwenye kamba ya kuanikia. Kuna kingine chepesi zaidi, nacho ni ukanda mmoja uliokunjwa ukalala juu ya nafsi yake. Huu husukumwa kutoka ubavuni, ukashika kwa mkazo wa madini yenyewe. Ufundi wote ni kubana pamoja vitu vitatu: ubapa wa mbele wa tai, mkia wake ulio nyuma, na ukingo wa shati penye vifungo. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Huibana tai mbele na nyuma, wakaliacha shati. Nayo tai hupepea vile vile, ila sasa imeongezewa chuma cha kumpiga mwenyewe kidevuni.

Tai ni mgeni hata huko Ulaya. Katika karne ya 17 askari kutoka Kroatia waliotumika Ufaransa walikuwa wakifunga vitambaa shingoni, na Wafaransa wakapendezwa, wakaiga, wakakiita kitambaa hicho kwa jina la taifa la askari wale. Kwa muda mrefu kilibaki kitambaa cha kuzungushwa na kukunjwa, na katika karne ya 19 mabwana wa Uingereza walikishikiza kwa pini ndefu yenye kito kichwani. Pini hufaa kitambaa kinene, lakini hutoboa. Katika miaka ya 1920 mshonaji wa New York, Jesse Langsdorf, alianza kukata kitambaa cha tai kwa mshazari na kuunga vipande vitatu, hata tai ikawa ndefu, iliyonyooka, yenye kurudi katika umbo lake kila inapofunguliwa. Nani angekubali kuitoboa hariri ya namna hiyo kila asubuhi? Ndipo kibanio kikapata soko, kwa kuwa hushika bila kujeruhi.

Sasa turudi Nairobi katika miaka iyo hiyo ya 1920. Mji ulikuwa bado mchanga, maana reli ilifika hapa mwaka 1899. Maofisa wa Kiingereza walivaa tai. Makarani wa Kihindi wa reli walivaa tai. Na vijana wa Kiafrika waliotoka katika shule za misheni, wakapata kazi za ukarani na upigaji chapa, nao walianza kuivaa. Lakini shingo ya Mwafrika ilikuwa imekwisha kupewa pambo jingine ambalo hakulichagua.

Pambo hilo lilikuwa kipande. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa Vita Kuu ya Kwanza vilipokwisha. Kila mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alitakiwa awe na karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la bwana aliyemwajiri, mshahara aliolipwa, na sahihi ya kumruhusu kuondoka kazini. Karatasi hiyo ilitiwa katika kijaluba cha chuma, na kijaluba kikaning'inizwa shingoni kwa uzi. Asiyekuwa nacho alipokutana na polisi alitozwa faini au alifungwa. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi, na mfano huo ulitosha, maana mbuzi hafungwi kengele kwa ajili ya faida yake.

Mwaka 1921 Harry Thuku, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina ya Serikali, alianza kukusanya watu kupinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Alikamatwa Machi 1922, na tarehe 16 ya mwezi ule umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi kumdai ulipigwa risasi, wakafa watu wapatao 21 kwa hesabu ya Serikali, na wengi zaidi kwa hesabu ya waliokuwapo. Mmoja wao alikuwa mwanamke, Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewashutumu wanaume kwa woga wao. Barabara inayopita mahali pale leo yaitwa kwa jina la Harry Thuku.

Mtu aweza kusema kwamba nimeiacha tai nikafuata siasa. Sivyo. Ni vigumu kuelewa kwa nini karani wa zamani hizo alitumia fedha yake haba kununua tai, tena akaibana isipinde, mpaka ukumbuke kitu kingine kilichokuwa kikining'inia pale pale. Walowezi wengi walimcheka Mwafrika aliyevaa suti, wakasema anajifanya. Hawakumcheka aliyevaa kijaluba, kwa kuwa hicho walimvika wao.

Mwaka huo wa 1922 Johnstone Kamau, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Jomo Kenyatta, aliingia kazini katika idara ya maji ya baraza la mji wa Nairobi. Alikuwa karani wa ghala na msomaji wa mita, akizunguka kwa pikipiki, na mshahara wake ulikuwa shilingi 250 kwa mwezi, fedha nyingi kwa Mwafrika wa siku zile. Makao yake yalikuwa Dagoretti, upande wa magharibi wa mji, na huko alikuwa na duka lililoitwa Kinyata Stores. Jina hilo huhusishwa na mshipi wa shanga aliopenda kuuvaa. Tazama basi, msomaji: hata pambo la kiuno laweza kumpa mtu jina litakaloandikwa juu ya noti za benki.

Upande huo wa magharibi wastahili kutazamwa zaidi, kwa kuwa ndiko tai ilikofundishwa. Mwaka 1931 ilifunguliwa Kabete shule ya Prince of Wales, na mwaka 1949 ikafuata ile ya Duke of York karibu na Barabara ya Ngong. Zote mbili zilikuwa za wavulana wa Kizungu peke yao mpaka uhuru ulipokaribia. Leo ya kwanza ni Nairobi School na ya pili ni Lenana School, na watoto wa kila kabila husoma humo. Hapo Kabete palikuwa pia na Jeanes School, ambako Waafrika walifundishwa ualimu, maendeleo ya vijijini na afya. Zilikuwa shule za bonde moja na mvua moja, lakini mwanafunzi wa shule moja alitayarishwa kutoa amri, na wa nyingine alitayarishwa kuzitekeleza.

Katika Jeanes School alisoma Tom Mboya, kuanzia mwaka 1948, akafuzu ukaguzi wa afya, na mwaka 1951 akaajiriwa na halmashauri ya jiji la Nairobi. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi alivyokuwa peke yake siku moja katika chumba cha kupimia maziwa, akaingia mwanamke wa Kizungu na chupa yake, akaangaza huku na huku, akauliza kama hamna mtu humo. Mboya alikuwa amesimama mbele yake. Cheti cha Kabete hakikumfanya aonekane, wala usafi wa mavazi haukumfanya. Alimjibu mama yule kwamba huenda macho yake yana kasoro.

Miaka michache baadaye macho ya watu yalikuwa yamepona upesi. Mwaka 1959 Mboya na wenzake walipeleka Marekani kwa ndege wanafunzi 81, na Julai 1960 alikwenda Hyannis Port kumwona John F. Kennedy, aliyekuwa akigombea urais, kuomba msaada wa safari za wanafunzi wengine. Mfuko wa jamaa ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Na hapa kibanio chetu chajitokeza tena katika makao ya wakubwa, kwa maana katika kampeni ile ile Kennedy alikuwa akigawa vibanio vya tai vyenye umbo la mashua ndogo ya vita. Mashua yenyewe ilikuwa PT 109, aliyoiongoza katika Bahari ya Pasifiki, ikapasuliwa na manowari ya Kijapani mwezi Agosti 1943. Aliyekiona kibanio kile juu ya kifua cha mtu alijua mara moja mtu huyo ni wa upande gani. Sijui pambo jingine la bei ndogo lililofanya kazi kubwa ya siasa kuliko hilo.

Haidhuru, wengine waliona kwamba dawa si kuibana tai bali kuivua. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa kwanza wa Rais wa Kenya, alijulikana kwa kofia yake ya shanga na koti lenye kola ya kusimama, ambalo halina mahali pa tai. Jirani zetu wa Tanzania wakazoea suti ya Chou En-lai, na watu wa Zambia wakaifanya suti ya namna hiyo ijulikane kwa jina la rais wao, Kaunda. Mobutu wa Zaire alizidisha: kuanzia mwaka 1972 tai ilipigwa marufuku kabisa, na koti lisilo na tai likawa sare ya wanaume wa Serikali. Marufuku hiyo ilidumu mpaka tarehe 24 Aprili 1990, siku alipotangaza kuruhusu vyama vingi. Ni ajabu kuona kwamba siku moja iliwarudishia watu haki ya kupinga na haki ya kufunga tai.

Nairobi yenyewe ilielekea njia nyingine. Bungeni tai ilibaki amri. Mnamo Novemba 2023, wakati Rais William Ruto mwenyewe alipokuwa akipenda kuonekana katika suti ya Kaunda, Spika Moses Wetang'ula alikataza suti hiyo katika ukumbi wa Bunge la Taifa. Aliwakumbusha wabunge kwamba mwanamume aingie na koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu, au sare ya utumishi. Wako waliocheka na wako waliokasirika. Mimi naona kwamba pande zote mbili zilikuwa na haki kidogo, ingawa ningependa kumsikia mtu akieleza kwa nini shingo iliyofunikwa kwa kola ya kusimama haina adabu kama ile iliyofungwa kitambaa cha hariri.

Lakini isome tena orodha ile, msomaji. Kibanio hakimo. Wala hakimo katika kanuni za shule yako, ijapokuwa huenda wewe mwenyewe umevaa tai sasa hivi unaposoma. Kijaluba kiliamriwa na dola mpaka sheria mpya ya mwaka 1947 ilipoagiza watu wa mataifa yote waandikishwe. Tai yaamriwa na Spika, na mwajiri, na mwalimu mkuu. Katika muda wa karne nzima, kati ya vyote vilivyoning'inia mbele ya kifua cha mtu wa Nairobi, kibanio peke yake hakikuamriwa na mtu. Mwenye kukivaa alikinunua kwa hiari yake, akakiweka apendapo, na jioni akakitoa.

Wanafunzi hulijua jambo hili bila kufundishwa. Asiye na kibanio hutumia klipu ya karatasi, au pini ya nywele aliyoiazima kwa dada yake. Wenye fedha huweza kununua kipya katika maduka ya katikati ya jiji, ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha mahameli. Lakini ukipita upande wa Barabara ya Ngong, ukaingia katika soko la Toi pembeni mwa Kibera, pitia wauza mitumba wanaotundika tai kwa makumi kama samaki wanaokaushwa, ukaulize kama wana vibanio katika mabati yao ya vifungo na vishikizo. Ukikipata, kijaribu kwanza kwa kidole: kinywa kifunguke kwa shida kidogo na kufunga kwa sauti. Kisiwe kipana kuliko tai yako. Kisha ukifika nyumbani, simama mbele ya kioo, ukibane baina ya kifungo cha tatu na cha nne, na usisahau shati.