Umenyanyua pikapu, sasa tairi linasugua: sababu na hatua za kuchukua

Mvua zikianza, udongo mweusi wa mbuga hapa Itilima hunata, na pikapu iliyo chini hukwama kwa tumbo. Ndiyo maana baadhi ya wamiliki huinyanyua kwa springi ndefu au spesa, kisha huvalisha matairi makubwa. Baada ya hapo huja malalamiko mawili: usukani unavuta upande, na tairi linasugua. Katika makala haya tunaeleza chanzo chake.

Kinachobadilika

Kwenye Toyota Hilux 4x4 za kisasa, kila tairi la mbele hushikwa na mikono yake. Gari likipanda, mikono hiyo huinama na pembe tatu hubadilika. Kemba ni tairi kulala ndani au nje. Ikikosewa, upande mmoja wa tairi huisha mapema. Too ni matairi kutazamana au kuachana kwa mbele. Hii ndiyo hula tairi haraka zaidi. Kasta ndiyo hurudisha usukani katikati baada ya kona. Ikipungua, gari huyumba kwenye mwendo.

Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilizotengenezwa kuanzia 1999 zina ekseli nzima mbele na springi za koili. Hizo kemba haibadiliki sana, lakini kasta hupungua, na ekseli husogea kidogo upande mmoja hadi usukani ukae kombo.

Kwa nini linasugua

Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha milimita 776 hivi. Ukiweka 265/70R17 unafika 803. Kunyanyua huongeza nafasi juu ya tairi gari likiwa limesimama, lakini ukikata usukani hadi mwisho, tairi bado hufuata bampa na plastiki ya madigadi. Ukipita shimo na springi ikabanwa yote, tairi hupanda hadi palepale lilipofika zamani. Rimu inayotokeza nje huongeza tatizo.

Kumbuka pia: kwa tairi hilo, spidomita ikisoma 80, mwendo halisi ni karibu 83.

Hatua za kuchukua

Pima alaimenti mara tu baada ya kunyanyua, na tena baada ya kilomita 500 hivi, springi zikishatulia. Kasta ikikataa kurudi kwa marekebisho ya kawaida, nunua vipuri vinavyofaa. Usikubali mkono wa chuma upashwe moto na kukunjwa.

Kama mashine iko mbali, pima too kwa futi. Nyoosha usukani, weka alama ya chaki katikati ya matairi ya mbele kwa upande wa nyuma, usawa wa habu, kisha pima umbali kati ya alama. Sukuma gari mbele hadi alama zije mbele kwa usawa uleule, upime tena. Tofauti ilinganishwe na kitabu cha gari.

Kata usukani hadi mwisho kila upande, ukienda mbele na ukirudi nyuma, utafute palipong'aa. Angalia pia mipira ya breki isivutike tairi likining'inia.

Kama bado linasugua, rudi kwenye tairi dogo. Ukuta wa tairi uliokwisha kukatwa unaweza kupasuka barabarani gari likiwa limebeba watu au marobota ya pamba, na hapo hasara si ya tairi tu.