Asili ya Baraza la Ndoa

Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi. Mume na mke wakiteta hata kuachana, nyasi ni watoto wao. Kwa hiyo zamani shauri la nyumba halikuwa la watu wawili tu. Mke akirudi kwao, mume alimfuata pamoja na wazee wake. Pande mbili zikaketi, yakanenwa makosa, na mahari, na malezi ya watoto. Lakini tusisifu mno mambo ya kale: mara nyingi mwanamke alisemewa na baba au kaka yake, mwenyewe asiulizwe neno.

Baada ya uhuru, Tanzania Bara ilikuwa na sheria za ndoa namna nyingi: za Wakristo, za Waislamu, za Wahindu, na desturi za makabila. Mwaka 1969 Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo, na mwaka 1971 ikapatikana Sheria moja ya Ndoa. Sheria hii haikuitupa desturi ya kuketi, bali iliitengeneza. Iliagiza kila kata iwe na Baraza la Usuluhishi, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Na jumuiya za dini zaweza kupewa baraza lao. Atakaye talaka hupita hapo kwanza, ila kwa sababu chache, kama mwenziwe kumkimbia asijulikane alipo. Wakili haruhusiwi kumsemea mtu; mume husikiwa, na mke husikiwa.

Wengi hukosea hapa: baraza halivunji ndoa wala haligawi mali. Likishindwa kupatanisha, huandika hati, nayo yapasa kufika mahakamani kabla ya miezi 6 kupita. Mahakama ndiyo iamuayo, ikitazama kwanza heri ya mtoto. Tena mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani nazo ni jasho lililochuma mali.

Basi, ndugu mnaoitwa kuketi barazani, kupatanisha si kulazimisha. Aliyepigwa asiambiwe tu, "Rudi ukavumilie." Na hata wawili wasiporudiana, wakikubaliana kwa amani nani atalea na nani atalipa ada ya shule, baraza halikuketi bure: nyasi zimepona.