Mzazi, Wacha Mtoto Aanguke: Somo la KCSE 2016

Desemba 2016 bro wangu alijifungia chumbani. Alikuwa amepata D+. Mzee hakupiga kelele, alikaa tu sebuleni na simu mkononi. Miezi baadaye ndio nilijua kwa nini. Wazazi wa darasa lao walikuwa wamechanga "pesa ya motisha", na kila mtu alielewa inanunua nini: karatasi ya mtihani kabla ya siku yenyewe. Mwaka huo karatasi haikuja.

Nilitaka kujua tulifikaje hapo, nikaanza kusoma historia ya mitihani Kenya. Wasee, hii mambo haikuanza na Telegram.

Wakati wa mkoloni mtoto Mwafrika alichujwa mapema kwa mitihani kama KAPE, maana nafasi za sekondari zilikuwa chache sana. Uhuru ukaja, shule zikaongezeka, lakini mchujo ukabaki. Kwa wengi, kufeli CPE kulimaanisha masomo yameisha. Mwaka 1985 tukaletewa 8-4-4 pamoja na KCPE, halafu KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Majina yalibadilika, lakini kufeli kulibaki vile vile. Walioongoza walibebwa juu juu mbele ya kamera, shule zikapangwa kwa nambari magazetini. Aliyeanguka alijificha.

Sasa mzazi akiambiwa kwamba mtoto akifeli maisha yake yamekwisha, atafanya nini? Atalipa chochote asifeli. Biashara ya wizi wa mitihani ilipata wateja hapo. Wanafunzi walikuwa na mwakenya, kile kikaratasi cha kuficha mfukoni, na hata jina lenyewe ni la kundi la siri la kisiasa la miaka ya 80. Lakini mwakenya ni ya mtoto mwenyewe. Karatasi nzima inahitaji pesa ya mtu mzima.

Mwaka 2015 mambo yalifurika. A zilikuwa zaidi ya 2,600, na matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa kwa sababu ya udanganyifu. Mwaka uliofuata Waziri Fred Matiang'i akakaza. Bodi ya KNEC ilivunjwa, mitihani ikafungiwa ndani ya makontena, na wakuu wa shule wakawa wanaichukua asubuhi ya mtihani. A zikashuka hadi 141. Kati ya watahiniwa zaidi ya 570,000, walioangukia C+ kwenda juu hawakufika 90,000.

Sisemi kila A ya 2015 ilikuwa ya wizi, na kuna walimu waliolalamika kwamba usahihishaji wa 2016 ulifanywa mbio mbio. Lakini watoto wa 2016 hawakuwa wajinga kuliko waliowatangulia. Shida ni kwamba wengi walikutana na kuanguka mara ya kwanza kwenye mtihani mkubwa kuliko yote, wakiwa na miaka kumi na nane.

Bro wangu alikuwa mmoja wao. Kazi ya nyumbani, mathe alimmalizia. Dirisha la jirani alilovunja, Mzee alilipa kimya kimya. Halafu tukashangaa D+ ilipomlaza kitandani wiki mbili. Alipoamka alisema anarudia, na hataki mtu amchangie kitu. Alipata C. Si ya kupeleka magazetini, lakini ni yake. Leo ni fundi wa friji na hakopi mtu.

Mimi nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilidhani Mzee atapiga simu huku na kule kunirudisha. Aliniita akaniambia, "Kodi ya nyumba ya mtu asiyesoma silipi. Lakini ukija hapa, chakula kipo." Nilikasirika sana. Niliosha magari, nikauza smokie, video zangu za kwanza zikaangaliwa na watu kumi na mmoja, watano wakiwa familia. Lakini sikulala njaa hata siku moja, na kodi nilijifunza kulipa.

KCPE ya mwisho ilifanywa 2023. Sasa ni CBC, na karatasi moja haiamui kila kitu tena. Sawa. Lakini bado namwona mzazi saa tano usiku akishona sanamu ya kufukuza ndege ili mtoto apeleke kesho shuleni, na mtoto amelala. Hiyo ni pesa ya motisha tu, imevaa nguo nyingine.

Wahenga walisema mwana akililia wembe, mpe. Hawakusema ukishampa uondoke. Mzee alichelewa kulijua hilo kwa bro, lakini kwangu aliwahi.

Wewe je, wazazi wako walikuachia uanguke lini? Niambie hapo chini.