Sugu za Vidole

Ukiingia duka la vipodozi Moshi mjini ukaomba dawa ya sugu, muuzaji hatauliza sugu gani. Atakuletea krimu ya kung'arisha vifundo vya vidole, ile sehemu inayobaki nyeusi mkono mzima ukishakuwa mweupe. Kwa wazee wa Kibosho au Marangu sugu ni kitu kingine: ngozi iliyokomaa kwa jembe, panga na mizigo ya majani ya ng'ombe. Ninasoma historia ya kahawa ya Kilimanjaro kwa ajili ya shahada ya uzamili, na neno hili ndilo lililonifanya niache bei kwa muda nitazame mikono.

Kahawa ilifika na mapadre wa misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, KNPA, na mwaka 1933 kikaja KNCU. Tumezoea kuisoma kama historia ya wanaume, kwa kuwa kihamba hurithiwa na watoto wa kiume na uanachama ulifuata kihamba. Lakini buni haziivi siku moja. Mchumaji huurudia mti uleule mara kadhaa kwa msimu, akichuma nyekundu moja moja kwa ncha za vidole. Kisha kuna kukoboa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, kuosha ute kwa maji baridi ya mlimani, na kuchambua mbovu kwenye vichanja. Sehemu kubwa ya kazi hiyo iliangukia wanawake, juu ya majani ya mifugo na mahindi ya tambarare.

Mikono hiyo ilitunzwa kwa vilivyokuwepo. Ngozi ilipakwa samli, baadaye mafuta ya mgando ya dukani. Mrututu, ambao uliochanganywa na chokaa ulikuwa dawa ya ukungu wa mimea, ulitiwa hata kwenye vidonda (na unachoma kwelikweli).

Krimu za kung'arisha zilikuja na ahadi tofauti: kufuta alama ya kazi. Kwenye vifundo ngozi ni nene na ina mikunjo mingi, ndiyo maana weusi hauondoki sawasawa, na haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu inaweza kuugeuza kuwa weusi wa kibuluu usiofutika. Nyingine zina steroidi kali, ambazo huipunguza ngozi unene hadi ichubuke kwa kuguswa tu. Msichana wa miaka 25 anaweza kulipia mkono wa bibi yake. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilipitishwa mwaka 2003, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS. Krimu zilizopigwa marufuku bado zinauzwa.

Kinachonishangaza ni kwamba katika mji huohuo, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC tangu miaka ya 1990, hutengenezwa mafuta ya kuwakinga watu wenye ualbino dhidi ya jua. Upande mmoja wa mji unahangaika kumpa mtu kinga ambayo upande mwingine unauza dawa ya kuiondoa.

Kuhusu maumivu, biashara haina makelele kama hayo. Tunayaita baridi yabisi, na jina lenyewe linayalaumu maji ya mfereji. Kwa baadhi ya watu baridi huzidisha maumivu kweli, ila haili gegedu. Gegedu likishalika, mifupa husuguana, vifundo huvimba na vidole hupinda. Bibi yangu hajawahi kuitaja hali hii kama ugonjwa. Husema, "Ni uzee, mjukuu wangu," kisha anaendelea kuchambua buni.

Kwa kuwa ni uzee, haendi kliniki. Anakanda kwa maji ya moto na chumvi, anajipaka dawa ya kuchua yenye mentholi, na msimu ukibana anameza diklofenaki ya duka la dawa, mara nyingi kabla ya kula. Vidonge hivyo vinaweza kutoboa tumbo na kuumiza figo, hasa za mzee. Diklofenaki hiyohiyo ipo ya kupaka, na kwa vidole ndiyo madaktari hupendekeza ianze, kwa kuwa ni kidogo sana kinachoingia kwenye damu. Nilimpelekea mrija mmoja mwezi Agosti, buni zikiwa zinaiva. Aliunusa, akauliza mbona haunukii.