Upimaji wa Vifaa vya Chapa na Modeli za Meno: Thika na Ruiru

Upimaji wa vifaa vya chapa na modeli za meno ni kazi ya kuthibitisha kwamba vifaa ambavyo daktari wa meno huchukulia umbo la kinywa, yaani chapa, pamoja na vile ambavyo fundi wa maabara humimina ndani ya chapa hiyo ili kupata modeli, vitaganda kwa wakati unaotakiwa, havitapinda wala kunywea kupita kiasi, na vitastahimili kukatwa na kukwanguliwa bila kumeguka. Viwango vinavyofuatwa ni vya shirika la kimataifa la ISO, ambamo Kenya huwakilishwa na Shirika la Viwango la Kenya (KEBS): ISO 21563 kwa chapa za aljineti na agari, ISO 4823 kwa chapa za elastoma kama silikoni, na ISO 6873 kwa bidhaa za jasi. Viwango hivyo huchukulia kwamba kipimo kinafanyika katika chumba chenye joto la nyuzi 23 hivi za Selsiasi. Thika na Ruiru, miji ya Kaunti ya Kiambu iliyo takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, ina hali yake, na asubuhi za Juni na Julai maji ya mfereji huwa baridi kuliko chumba hicho.

Baridi hiyo huigusa kwanza aljineti, unga utokanao na mwani wa kahawia, unaopendwa kwa sababu bei yake ni nafuu. Maji yakiwa baridi aljineti huchelewa kuganda, yakiwa ya moto huganda kabla kijiko cha chapa hakijakaa sawasawa mdomoni. Muda huo hupimwa kwa namna nyepesi: kijiti laini cha plastiki hugusishwa juu ya mchanganyiko kila baada ya sekunde chache, na pale kinapoinuka kikiwa kikavu, bila uzi wowote wa mchanganyiko kukifuata, aljineti huhesabiwa kuwa imeganda. Kipimo cha pili ni cha mnyumbuko, ambapo silinda ndogo hubanwa kisha huachiwa, nayo sharti irudie umbo lake kwa asilimia 95 au zaidi. Jambo ambalo vipimo hivi haviwezi kulizuia ni ukawiaji. Aljineti hupoteza maji ikiachwa hewani na hufura ikilowekwa, hivyo chapa iliyochukuliwa Ruiru ikasafirishwa kwa matatu hadi maabara ya Thika huweza kufika ikiwa imebadilika, hata kama unga wake ulifaulu kila kipimo. Kwa safari kama hiyo elastoma hufaa zaidi, kwa kuwa kiwango huiruhusu kubadilika kwa asilimia 1.5 tu.

Jasi ndiyo yenye mengi. Unga wake, ambao ni jasi iliyochomwa hadi ikapoteza sehemu ya maji yake, huganda upya unapokorogwa na maji, na ISO 6873 huugawa katika aina 5. Plasta ngumu ya aina ya 3 sharti ihimili mgandamizo wa megapaskali 20 saa moja baada ya kukorogwa, na aina ya 4, itumikayo kwa taji za meno, megapaskali 35. Kuganda hupimwa kwa sindano ya Vicat, chombo kilichobuniwa na mhandisi Mfaransa Louis Vicat na ambacho wapimaji wa saruji nao hukitumia: sindano yenye uzito wa gramu 300 hushushwa juu ya mchanganyiko mpaka ishindwe kupenya hadi chini. Maji ndiyo huamua karibu kila kitu. Gramu 100 za unga huhitaji mililita 18.6 tu kwa badiliko la kikemia, lakini plasta ngumu hukorogwa kwa mililita 30 hivi ili imiminike, na fundi anayeongeza kidogo ili kujirahisishia kazi hupata modeli dhaifu. Chumvi ya kawaida kwa kiasi kidogo huharakisha kuganda, boraksi huchelewesha, na kwa hiyo maji ya kisima kirefu yenye chumvi hayatoi matokeo sawa na maji yaliyosafishwa ya maabara ya viwango.

Mwinuko nao hudhihirika katika agari, ambayo maabara huiyeyusha tena na tena ili kunakili modeli. Maelekezo mengi hudhani maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini katika miji hii huchemka kwa takriban nyuzi 95, na agari iliyochemshwa kwa dakika zilizoandikwa huweza kubaki na madonge. Hurekebishwa kwa kuongeza propilini glikoli kwenye maji ya kuchemshia, au kwa kurefusha muda.

Upimaji huendelea hata baada ya modeli, katika kusubu metali, ambako kalibu ya kumiminia metali hupimwa utanuko wake ili ufidie kunywea kwa metali inapopoa, ambako kwa dhahabu ni asilimia 1.4 hivi na kwa kobalti na kromi asilimia 2.3. Kalibu ya jasi haifai kupashwa zaidi ya nyuzi 700, kwa sababu huvunjika na kutoa gesi ya salfa inayoharibu metali.

Cheti cha kiwandani huthibitisha unga peke yake. Kila mzigo mpya unaofika Thika au Ruiru unapaswa kupimwa tena, kwa maji ya maabara yenyewe, kabla ya modeli ya mgonjwa wa kwanza kumiminwa.