Kuta za Kashai: Tetemeko la Kagera la 2016

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Wataalamu walilipima tetemeko hilo kuwa la ukubwa wa 5.9, kitovu chake kikiwa karibu na Nsunga, Missenyi, kadiri ya kilomita 40 chini ya uso wa ardhi. Kwa sababu ya kina hicho mtikisiko ulisikika mbali, Mwanza, Uganda, Rwanda hata Kenya. Lakini msiba wenyewe uliangukia zaidi Bukoba mjini, katika kata kama Hamugembe na Kashai, ambako nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta. Zilikuwa zimebaki siku chache tu kufika Idi ya kuchinja. Watu wasiopungua 17 walifariki na zaidi ya 250 wakajeruhiwa. Hesabu za mwanzo zilitaja nyumba 840 zilizoanguka na 1,264 zilizopasuka, nazo ziliendelea kupanda kila wakaguzi walipofika kijiji kingine.

Wapo waliosema siku zile kwamba jambo kama hilo halijapata kutokea. Kauli hiyo ni ya uchungu, na mwenye uchungu hahojiwi, lakini historia haiiungi mkono. Kagera imekaa kando ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, nalo halijatulia. Tarehe 13 Desemba 1910 tetemeko lililokaribia ukubwa wa 7.4 liliitikisa nchi ya kusini mwa Ziwa Tanganyika. Tarehe 20 Machi 1966 jingine likaua watu zaidi ya mia moja Toro, magharibi ya Uganda. Waganda, jirani wa Wahaya, huliita tetemeko musisi, na Musisi ni jina la mzimu wao mwenye mamlaka juu ya matetemeko. Watu hawampi mzimu kazi isiyokuwepo.

Katika ufa huohuo, kadiri ya kilomita 300 magharibi ya Bukoba, umesimama mlima Nyiragongo juu ya mji wa Goma. Tarehe 17 Januari 2002 mlima huo ulipasuka ubavuni, uji wa moto ukateremka mpaka katikati ya mji, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuishia Ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Gisenyi, Rwanda. Ajabu ni kwamba siku chache baadaye wengi walikuwa wamekwisha kurudi, wakikanyaga mawe yaliyokuwa bado na joto, kwa kuwa walihofia njaa na wezi kuliko moto, na kambi za wakimbizi walikuwa wamezijua tangu 1994. Walijenga upya juu ya lava ileile. Mlima ukatoka tena tarehe 22 Mei 2021.

Hata hivyo kuna tofauti baina ya misiba hii miwili. Volkano aghalabu hutanguliza ishara: moshi hubadilika, ardhi hutetemeka kidogo kidogo kwa wiki nyingi, na mwenye vyombo husikia. Tetemeko la Kagera halikubisha hodi. Kilichoweza kuwaokoa watu wa Kashai kilipaswa kuwa kimekwisha kuwekwa ukutani miaka kumi au ishirini kabla.

Na kuta hizo zina historia yake. Nyumba ya asili ya Mhaya ni msonge: miti iliyoinamishwa, ikafungwa kwa fito na matete, kisha ikaezekwa nyasi kutoka kileleni hadi kugusa ardhi. Nyumba ya namna hiyo ardhi ikitikisika huyumba kama kikapu, na hata ikianguka haina uzito wa kumuua mtu. Ukaja wakati wa kahawa. Fedha ya kahawa ilisomesha watoto, na fedha hiyohiyo ikajenga nyumba za matofali na mabati, zikawa alama ya mtu aliyeendelea. Hakuna wa kuwalaumu waliozijenga, kwani nyasi huvuja na huwaka moto, na serikali zote, ya kikoloni na ya uhuru, ziliihimiza nyumba bora. Lakini tofali la kuchoma lililoshikwa kwa udongo badala ya saruji, bila nondo, bila mkanda wa zege wa kuzifunga kuta juu ya milango na madirisha, ni mzigo uliopangwa tu ukasimama. Pembetatu ya ukuta inayobeba paa ndiyo hutangulia kuanguka, nayo huwaangukia wanaokimbilia mlangoni.

Usiku ule na siku nyingi zilizofuata watu walilala nje, vijijini chini ya migomba, mjini uani, chini ya maturubai. Bukoba ina mvua nyingi, na Septemba si mwezi wa kulala nje. Mhaya wa kijijini hawezi kuambiwa ahame aende mahali salama: kibanja chake kina migomba iliyomlisha babu yake, na babu mwenyewe amezikwa humo.

Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifika kesho yake, akaongoza maombolezo katika uwanja wa Kaitaba. Rais John Magufuli aliahirisha safari yake ya Zambia. Michango ilimiminika: Kenya ilileta mabati, magodoro na mablanketi, Rais Yoweri Museveni wa Uganda akatoa dola 200,000, wananchi wakachanga walichonacho. Kabla Septemba haijaisha, Rais alitengua uteuzi wa maofisa wawili wa Kagera kwa tuhuma za kufungua akaunti yenye jina linalofanana na ile ya maafa. Mjadala wa nani kaiba nini ukaufunika mjadala uliokuwa mzito zaidi: fedha zile ni za nani?

Jibu lilitoka waziwazi Rais alipozuru Bukoba mwanzoni mwa Januari 2017. Serikali ingejenga upya shule, zahanati na barabara. Nyumba ya mtu ingejengwa na mwenyewe. Hoja hii haikuwa ya kipuuzi. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato zilikuwa zimebomoka kiasi cha kufungwa na wanafunzi wakahamishiwa kwingine, na shule hujengwa mara moja ikatumiwa na vizazi. Lakini aliyetoa shilingi zake baada ya kuona picha ya bibi kizee ameketi mbele ya kifusi cha nyumba yake hakuwa na darasa akilini. Alimpa bibi yule. Uamuzi wa kuigeuza sadaka ya mtu kuwa mali ya umma huenda una busara yake, ila ulistahili kuulizwa kwa watoaji na kwa wapewaji, wala haukuulizwa.

Ihungo ilijengwa upya kwa msaada mkubwa wa Uingereza, ikapata majengo mapya imara. Nyakato nayo ikainuka. Kwa mwananchi wa kawaida yalibaki mahesabu mengine: bei ya mfuko wa saruji, bei ya nondo, na msimu wa kahawa. Aliyekuwa na mtoto Dar es Salaam au Ulaya alijenga mapema, na asiyekuwa naye akasimamisha tena matofali yaleyale yaliyookotwa kwenye kifusi, kwa udongo uleule. Na katika mji kama Kashai kuna mtu ambaye hesabu za nyumba hazimwoni kabisa, naye ni mpangaji. Nyumba iliyoanguka si yake, kwa hiyo hakupoteza nyumba. Alipoteza chumba, kitanda, vyombo na kodi aliyokwisha kuilipa, akaenda kutafuta chumba kingine, mara nyingi katika nyumba iliyokuwa imepasuka ikazibwa ufa na kupakwa chokaa.